Mistari Yangu ya Maji

Nimelea panya miaka ishirini na sita. Si wale wa darini, wezi wa unga. Wangu ni weupe pepepe, macho mekundu, wanaishi kwenye vizimba vya plastiki chumba cha nyuma cha taasisi ya utafiti, na chakula chao hupimwa kwa mizani. Mtaani waliniita Mama Panya wakidhani wananikomoa. Nikaitika.

Kabla ya hapo nilikuwa mfagizi. Shule niliachia darasa la pili. Nambari nazijua barabara, herufi ndizo zinazonipiga chenga. Waliponihamishia kwa panya nilinunua daftari. Kila chupa ya maji niliyojaza, nikachora mstari mmoja chini ya nambari ya kizimba. Ukurasa mmoja, wiki moja. Msimamizi wetu aliliona akacheka. "Bibi, hizi ni njiti za kiberiti?" Nikamwambia ndizo, aangalie zisimuunguze.

Basi akaja daktari mmoja wa utafiti, kijana mpole, mwenye haraka. Alichunguza jinsi kisukari kinavyoharibu figo. Panya arobaini, wanne wanne kwa kizimba, walidungwa sindano ya kuwatia kisukari. Siku ya tatu akawatoa tone la damu mkiani, sukari ikawa juu kwa wote, akaridhika. Kuanzia wiki ya nne vizimba sita hadi kumi wangepewa dawa yake, wengine wasipewe, halafu aone figo za nani zimesalimika.

"Kwa nini panya?" nilimuuliza.

"Kwa sababu binadamu siwezi kumfungua nikachungulia, bibi."

"Basi wasife bure."

Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, sukari ilishamla figo. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kila nikienda kumwona, swali ni lile lile: "Dada, hao watoto wako wamepona?"

Sasa, panya mwenye kisukari ni mlevi wa maji. Kizimba cha panya wazima hunywa chupa moja kwa siku. Cha wagonjwa hunywa tatu, na maranda ya kulalia hulowa chapachapa. Wiki ya pili kizimba cha tisa kikarudi kwenye chupa moja. Maranda makavu. Nikamwambia msimamizi.

"Jaza fomu," akasema.

Alijua siwezi. Nami kwa kiburi nikafunga mdomo. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Wiki ya kumi na moja daktari akaingia anameremeta. Alikuwa amepima mkojo, maana figo ikiharibika huvujisha protini. "Bibi, dawa inafanya kazi! Cha tisa mkojo safi kabisa! Jumatatu nawaeleza wakuu."

Akilini nilimwona mdogo wangu akiamka kwenye kile kitanda cha mashine. Wallahi nilitamani ninyamaze tena.

"Cha tisa hawaumwi," nikasema.

Msimamizi, aliyeingia nyuma yake, akadakia, "Bibi, kazi yako maranda."

"Ndiyo. Na maranda hayajui kusema uongo."

Nikafungua daftari mezani. "Daktari, hesabu mwenyewe. Wiki ya kwanza mistari mitatu kila siku. Wiki ya pili mmoja. Ya tatu mmoja. Dawa umeanza kutoa lini?"

Akaweka kidole kwenye ukurasa, akahesabu kimyakimya kama mtoto. Kidole kikasimama.

"Ya nne," akasema. "Walipona kabla ya dawa. Sindano iliwashika kidogo, miili ikapona yenyewe. Na mimi sikuwapima tena." Akakaa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitakiwa nijaze fomu."

Msimamizi akaanza kuangalia dari. Tukawatoa wale wanne, mimi nikiwashika, daktari akipima. Sukari ya wote ilikuwa ya panya mzima kabisa.

Aliwaondoa kwenye hesabu. Kwenye vizimba vinne vya dawa vilivyobaki, ilisaidia, lakini kidogo, si muujiza. Jumatatu alilipeleka daftari langu na mimi mwenyewe mbele ya wakuu, nikiwa na koti langu la kazi. Mzee mmoja mwenye miwani alipitia mistari ukurasa baada ya ukurasa, akaniuliza ni nani aliyenifundisha.

"Kiu yao," nikamjibu.

Kazi ikaanza upya na panya wengine, damu ikipimwa kila wiki. Fomu nayo ikabadilishwa, ikawekewa nafasi ya kuchora mistari. Msimamizi ndiye aliyenikabidhi ya kwanza, kwa mikono miwili.

Kilichonitesa kilikuwa mdogo wangu. Nilimweleza akiwa kwenye mashine, sikumficha kitu.

"Kwa hiyo dawa yangu umeipiga teke wewe mwenyewe?"

"Nimepiga teke uongo. Ya kweli bado inatafutwa."

Mashine ikawa inazungusha damu yake. Kisha akamwita muuguzi, sauti juu, wagonjwa wote wakageuka.

"Muuguzi! Mnamwona huyu? Ni dada yangu. Dawa ikipita mikononi mwake, mnipe nimeze hata bila maji!"

Nikajifanya kumrekebishia shuka. Sijawahi kusimama wima kama siku ile.