Jembe la Mama wa Ijumbi

Katika kundi letu la WhatsApp la kusoma riwaya za zamani, yule mama wa Ijumbi haandiki, hutuma sauti. Kabla hajasema lolote tunasikia jembe likigongwa kwenye jiwe ili udongo udondoke, kisha anakohoa kidogo na kutusalimu kwa Kihaya, hata sisi wa Bukoba mjini tunaojibu kwa Kiswahili. Wahusika wa riwaya yeye huwaita majirani. Mhusika mwenye kiburi humlalamikia kama jirani ambaye mbuzi wake wameingia kwenye kibanja cha mama, shamba lake la nyumbani, na kula migomba.

Juzi tulifika sura ambayo mzee wa riwaya anafariki. Asubuhi yake mwalimu Revocatus, anayetuongoza, akauliza kama wote tumesoma. Sauti ya mama ikaja bila mlio wa jembe.

“Nimesoma, mwalimu. Leo silimi, tuna msiba.”

Revocatus akamwandikia kwa upole kwamba yule mzee ni wa kitabuni tu.

Sauti ya pili ilianza na kuku, halafu yeye, taratibu. “Najua. Lakini siwezi kushika jembe jirani hajazikwa. Mazishi yako sura inayofuata. Tuisome leo, maharage yangu yanazidiwa na magugu.”