Mkono Kwenye Shaba

Kituo cha stima nilichofanyia kazi ujanani kilikuwa nje ya mji wa Kisumu, upande wa kuelekea Mamboleo. Kilikuwa na uwanja wa kokoto uliozungushiwa wavu, nguzo za chuma, na transfoma mbili zilizonguruma usiku na mchana. Nyaya kubwa zilituletea stima kutoka mbali kupitia vilimani, ikiwa na nguvu ambayo hakuna nyumba ingeweza kuipokea. Sisi tuliipunguza na kuigawa: njia moja ya mji na hospitali, nyingine ya pampu za maji kando ya ziwa, nyingine ya viwanda vya sukari upande wa mashariki. Tukikosea swichi moja, feni zilisimama mtaa wa Milimani na simu ya wakubwa kutoka Nairobi ikaanza kulia.

Kila zamu ilikuwa na watu wawili. Mwenzangu alikuwa Mkikuyu kutoka Nyeri, amenizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita Mzee. Mimi natoka Bondo, hukuhuku ziwani. Mke wake aliuza vitambaa sokoni, na Jumapili baada ya kanisa nilikula kwao. Nilipowapelekea samaki, mama huyo, ambaye kwao Nyeri samaki hawakuliwa, alimfunika samaki kichwa kwa kitambaa kabla ya kumkata, na binti zake wakacheka mpaka wakalia.

Kisha, miaka ya sitini ikielekea kwisha, siasa ikachafuka. Watu wa kwetu na watu wa kwao wakaanza kutazamana vibaya. Maduka ya wafanyabiashara kutoka Mkoa wa Kati, kwao mwenzangu, yalipigwa mawe. Wengine walifunga wakaondoka. Mke wa mwenzangu naye alipanda treni na watoto. Yeye akabaki peke yake katika nyumba ya kazi, madirisha yamefungwa hata wakati wa joto la saa nane.

Katika chumba cha swichi tuliacha kuzungumza. Tulisomeana mishale ya mitambo, basi. Nilitaka kumwambia neno, lakini kila nililolifikiria lilifanana na siasa. Nikawa siwezi kukaa. Nilitoka nikauzunguka uwanja bila sababu, nikagusa kufuli ambazo nilijua zimefungwa, nikarudi, nikatoka tena. Hata nyumbani Bondo sikutulia. Baba mdogo aliniuliza, "Bado unakula na yule?" Nikamjibu kwamba tunafanya kazi pamoja, nikainuka kabla ugali haujaisha.

Wakati huohuo wakaja nzi wa ziwa, wale wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi. Upepo uliwaleta hadi kituoni, wakafia kwenye vikombe vya kauri vinavyoshikilia shaba zenye stima. Waliganda pale pamoja na vumbi, na ukungu wa asubuhi ulipowalowesha, vikombe vilianza kutoa cheche na mlio kama mafuta ya kukaanga. Tuliomba ruhusa kwa simu, tukahamishia mzigo wote wa stima kwenye transfoma moja ili tusafishe upande wa nyingine.

Siku ile zamu ya kupanda ilikuwa yake. Zamu ya kuzima ilikuwa yangu. Nilifungua swichi zake ili stima ikatike, nikazipiga kufuli, nikatundika nyaya za kupeleka ardhini stima yoyote iliyobaki. Kisha nikampa ufunguo, kwa sababu sheria ilisema mwenye kupanda ndiye akae nao. Aliutia mfukoni, akafunga kifungo.

Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasimama.

"Umefungua zote?"

"Zote."

"Na nyaya za ardhini umezikaza?"

"Mzee, ulikuwa umesimama hapa. Umeniona."

"Nimekuona," akasema.

Lakini hakupanda. Aliitazama mikono yangu. Jasho lilimtiririka shingoni, na transfoma ile nyingine ilikuwa ikinguruma nyuma yetu. Nikafahamu kwamba haulizi habari za swichi. Uso ukanichoma. Nilitaka kumtukana, na nilitaka kumwambia asiogope, na sikuweza lolote kati ya hayo.

"Nipishe," nikamwambia.

Nikapanda mimi. Sikuvaa glavu. Nilipofika juu nikaishika ile shaba kwa kiganja kizima, nikaifumbata kabisa, nikamtazama. Nzi waliokufa walipondeka chini ya vidole vyangu kama majivu yenye maji. Nilikaa hivyo mpaka yeye akaangalia chini.

"Shuka, bwana," akasema taratibu. "Kazi ni yangu."

Nikashuka. Akapanda, akafuta kikombe baada ya kikombe, na hakunitazama hata alipohitaji kitambaa kingine. Alinyoosha mkono tu, nami nikampa.

Tuliporudisha stima nilipiga simu Nairobi kusema kwamba tumemaliza. Nilipogeuka alikuwa amechemsha chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkewe aondoke.

"Mama watoto alinikanya pale stesheni," akasema. "Aliniambia, usipande wakishika swichi wao."

"Wao nani?"

"Nyinyi."

"Na mimi pia?"

"Hakukutaja."

"Lakini wewe ulinihesabu humo."

Aliizungusha chai yake kwenye kikombe. "Nimekaa peke yangu ndani ya nyumba ile, omera. Mtu akikaa peke yake anasikia mengi."

Alisema omera, ndugu, kwa lugha yangu, na alilitamka vibaya kama alivyolitamka siku zote. Sikujua nikasirike au nimshike mkono. Nilikunywa chai nikatoka kuzunguka uwanja.

Kabla ya mvua za masika alipata uhamisho aliokuwa ameuomba, kwenye kituo cha karibu na kwao. Nilimsindikiza stesheni nikiwa nimembebea jiko la primus. Tulizungumza kuhusu mitambo tu. Aliniambia swichi ya njia ya pampu inakwama, niipake grisi. Nikasema nimesikia. Treni ilipopiga honi alinishika bega, akafungua mdomo, kisha mtu mwenye magunia akapita katikati yetu na yeye akapanda.

Wakamleta mwenzangu mpya, kijana mchangamfu wa Kakamega aliyependa kupiga mluzi. Hakuwa na kosa lolote. Lakini mimi chumba kile kilikuwa kimenishinda. Nilimsikia msimamizi akisema wanatafuta watu wa kukagua njia za nyaya kwa miguu, kazi ambayo wengi waliikimbia kwa sababu ya jua na nyoka, nikamwomba aniweke huko. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa.

Ndivyo nilivyoimaliza miaka ya sabini, nikitembea chini ya nyaya kutoka nguzo hadi nguzo, kupitia mashamba ya mpunga ya Ahero na miwa ya Muhoroni, nikikata matawi yaliyokaribia sana. Wanawake waliokuwa wakipalilia walinisalimu, wakaniuliza lini stima hii itashuka kwao, maana ilipita juu ya vichwa vyao na wao bado wanawasha koroboi. Niliwaambia sijui. Nilipewa maji, nikanywa nimesimama, nikaendelea.