Kijiko cha Kuonjea

Nilikuwa mpishi wa shamba moja la ngano juu ya Njoro, na kwa Krismasi sita jagi la shampeni lilikuwa langu. Memsahib alinifundisha mwenyewe: maji ya pasheni yaliyochujwa, sukari, brandi kidogo. Wageni wakishaketi barazani saa nne, wametoka kanisani, ndipo unaleta chupa kutoka kabati la kupozea, la makaa yaliyomwagiwa maji, unamimina shampeni taratibu. Povu likipanda bila kumwagika, walipiga makofi. Mimi niliyeshinda mwaka mzima kwenye moshi wa kuni, siku hiyo nilionekana.

Mwaka wa saba, katikati ya Imajensi ya Mau Mau, mtumishi wa mezani alichukuliwa na serikali kizuizini, akaletwa mwingine kutoka pwani. Kanzu yake haikuwa na doa, na alikuwa amefanya kazi hotelini Mombasa. Memsahib akampa jagi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi nikaambiwa niangalie soseji.

Nilimchukia. Nilichukia alivyokunja kitambaa, alivyosema "samahani" hata kwa paka. Sifichi: nilitaka aaibike mbele ya wageni, jagi lirudi kwangu.

Asubuhi ya Krismasi aliingia jikoni na jagi lake, amekwisha kuchanganya kila kitu, imebaki shampeni tu. Kwa mkono wa pili alishika kijiko.

"Ndugu yangu, tafadhali nionjee. Mimi Mwislamu, kitu hiki sijapata kukitia mdomoni. Nakichanganya kwa kukisia."

Sisi hatukuruhusiwa hata tone la brandi, na mtumishi aliyekamatwa akionja alifukuzwa. Lakini mimi nilikuwa nikionja kila mwaka, nimegeukia ukuta. Nikachukua kijiko. Uchachu ulinipanda hadi masikioni. Alikuwa amesahau sukari kabisa, na kopo la sukari lilikuwa pale karibu na kiwiko changu.

"Kitamu sana," nikasema. "Usiongeze kitu."

Akanishukuru, akaenda. Nikamfuata hadi mlango wa baraza na sahani ya soseji, nisikose kuona.

Alimimina shampeni, povu likapanda vizuri. Wageni wakanywa. Kisha mzee mmoja wa Kizungu akanyoosha gilasi atiliwe tena, na wengine wakafuata. Kumbe miaka sita walikuwa wakinywa sukari yangu kwa adabu tu.

"Mzuri sana!" memsahib akasema. "Hii napita ile ya zamani."

Ile ya zamani ilikuwa yangu.

"Si mimi peke yangu, memsahib," yule mtumishi wa pwani akajibu, uso umejaa furaha. "Mpishi ndiye aliyenionjea."

Memsahib alinitazama mbele ya wote, nami nikaanza kuhesabu nguo zangu za kufungasha. Kisha akacheka.

"Basi, kila Krismasi yeye tachanganya, wewe taonja."

Tulifanya hivyo mpaka shamba lilipouzwa. Kila mwaka aliniletea kijiko na kusubiri uso wangu, nami sikumdanganya tena. Wafanyakazi wote wa shamba aliwaambia kwamba huku bara rafiki yake wa kwanza nilikuwa mimi.

Kunipokonya jagi nilimsamehe zamani. Kuniamini, sijamsamehe mpaka leo.