Fidla Iliyoitika Bila Kuguswa

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta kwenye treni ya kwenda Fisksätra, huku Uswidi. Mkewe alipiga simu, sauti yake tulivu kupita kiasi: "Shemeji, ndugu yako ametuacha." Wasomaji wa safu hii mnamfahamu hata nisipomtaja jina: yule Mkongo wa Uvira, dereva wa basi, aliyekuwa akichagua wanamuziki wa klabu ya muziki wa asili katika ukumbi wa chini ya jengo kwenye kitongoji cha Alby. Klabu ilianzishwa na wazee wa Kiswidi, nao wakampa kazi hiyo kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuwakatalia watu.

Ukutani pa ukumbi paliangikwa nyckelharpa, fidla ya Kiswidi yenye vibao vya kubonyeza. Chini ya nyuzi zinazopigwa zipo nyingine ambazo mkono haugusi. Hutetema zenyewe zikipata sauti inayowiana nazo. Jambo hilo la kawaida rafiki yangu aliligeuza kuwa sheria. Kila aliyeomba nafasi alisimama mbele ya ukuta ule akaimba au kupiga. Fidla ikiitika, ameingia. Isipoitika, anapewa kahawa na kuagwa kwa heshima. Mimi mwenye shahada mbili na sauti ya kwaya ya sekondari nilijaribu pia. Kilichoitika ni kifuniko cha birika. "Ndugu yangu," akaniambia, "wewe andika tu."

Mwenyekiti, bibi wa Kiswidi asiyecheka ovyo, hakuipenda sheria ile hadi alipokuja mama mmoja wa Kirundi na wimbo wa kilio wa kwao. "Hapa ni nyimbo za asili," bibi alisema. "Asili ya wapi, mama?" akauliza rafiki yangu. "Tuiulize ile." Mama wa Kirundi akaimba, taratibu, na ukuta ukaanza kuvuma kama mtu anayelia huku amefunga mdomo. Bibi aliweka kikombe chini. "Mwandike," akasema. Tangu hapo jukwaa lile lilipokea polska, zile ngoma za Kiswidi za Dalarna, ngoma za Tanganyika na kaswida za vijana waliozaliwa hapahapa. Hakuna aliyeingia kwa kuonewa huruma, na hakuna aliyezuiwa kwa sababu ya pasipoti. Ofisi nyingi za mji huu zingefaa kuangika fidla.

Ila yeye mwenyewe alipiga likembe, ala ya kwao yenye vijiti vya chuma, na alitamani jukwaa lile kuliko sisi sote. Kabla ya kila onyesho aliketi mbele ya ukuta, akapiga kwa vidole gumba wimbo wa bibi yake wa Uvira. Fidla haikutoa hata mnong'ono. Mwenyekiti alimwambia apande tu, nani angejua? "Ningejua mimi," akajibu. "Bado sijaitwa." Hata hivyo, nafasi ya mwisho katika ratiba aliiacha tupu kila mara, nasi tulijifanya hatujui ni ya nani.

Tulimuaga katika ukumbi uleule. Mkewe aliweka likembe juu ya kiti jukwaani. Mchungaji akaomba tunyamaze kidogo. Tuliponyamaza, ukuta ukaanza kuvuma. Mama wa Kirundi alikuwa kando yangu, midomo yake imefungwa. Nilijiambia ni treni inayopita chini, maana msomi hakosi maelezo; lakini miaka yote ile treni zilipita na fidla haikuzijali. Mvumo ukapanda na kushuka, na mkewe akanishika mkono. "Shemeji, huo ni wimbo wa bibi yake."

Mwenyekiti akasimama. Kwa sauti yake kavu ya kutangaza wasanii, alitamka jina la rafiki yangu, kisha akaketi.

Wengi wetu tumekabidhiwa mlango fulani, wa kazi, wa kanisa au wa nyumba, na tunaupima kwa wale tunaowafungia. Siku hizi nauliza kwanza kama mlango wangu unaweza kunifungia mimi. Wake uliweza, naye akangoja nje na chombo chake mkononi. Siku ile ya kumuaga alipiga wimbo wote. Hakuna aliyesogeza kiti mpaka alipomaliza, kisha tukampigia makofi.