Kidevu Kabla ya Kishindo

Habari kwamba mpiga gitaa wetu amefariki ilinikuta mashineni, nikisubiri zamu ya kusagiwa ulezi. Aliyeileta ilibidi apaze sauti kuishinda mashine, kwa hiyo foleni nzima tuliupata msiba huo kwa kelele, na wasiomjua wakasema pole. Tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa, nasimama, naandika mistari miwili, naikata. Wapo wanaomjua kuliko mimi. Mimi nilikuwa msikilizaji wake tu, mtu wa soda moja Jumamosi nzima, na darasa la saba langu halinipi cheo cha kuchambua muziki. Ila kuna jambo nililiona kwa macho yangu, na nikiliacha naona nitakuwa nimemnyima haki yake.

Wengi mliowahi kupita baa aliyokuwa akipiga mnaukumbuka wimbo wake wa polepole, ambao mwenyewe aliuita bluzi. Unasimulia habari za mkulima mwenye maksai wawili wa plau. Mmoja anakufa katikati ya msimu. Mkulima anamtafutia yule aliyebaki mwenzake mpya, lakini kila asubuhi maksai anasimama upande wake wa nira, akiacha nafasi ya aliyekufa. Hapo gitaa la umeme lilikuwa linapandishwa sauti ghafla na kulia kama ng'ombe anayeita. Watu walishangilia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na dada mmoja fundi cherehani, na kila mlio ule ulipofika, alifunga mlango wake kwa nguvu. Watu walisema ana maringo, wengine wakasema ana mashetani, maana hata kanisani alikuwa akisikilizia misa nje, mbali na spika. Nami niliwahi kuamini yale ya maringo, sitaki kujitoa.

Siku moja mchana nilikuwa kwake kupunguza suruali, mpiga gitaa akaingia kuomba radhi. Yeye alidhani ni huzuni ya wimbo inayomuumiza yule dada. Akasema anaweza kuubadilisha mwisho, maksai akubali mwenzake mpya na mambo yaishe vizuri. Dada akasimamisha cherehani, akacheka.

"Kaka, huzuni naiweza. Mama yangu alifia mikononi mwangu, sikukimbia. Shida ni ule mlio. Unaniingia kama sindano kwenye jino bovu."

"Basi nitautoa."

"Usiutoe. Sasa huyo maksai atalia na nini? Niambie tu kwamba unakuja."

Mpiga gitaa akauliza atamwambiaje, mikono yote ikiwa kwenye gitaa. Au asimamishe bendi atangaze kama kondakta? "Una kidevu," dada akamjibu, na kurudi kwenye suruali yangu.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mlio, jamaa aligeukia barabara na kuinua kidevu. Dada, mlangoni kwake, akaziba masikio, akasubiri, akayazibua, akausikia wimbo mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Vijana walimtania sana kaka wa watu, kwamba anaita daladala kwa ndevu. Lakini baada ya muda niligundua kwamba mzee mmoja wa pale kaunta naye, akikiona kile kidevu, huweka glasi chini na kuziba masikio. Kumbe muda wote alikuwa anavumilia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nilikuwa mwandishi wa kamati ya mazishi, kule kwao Msanzi. Mdogo wake marehemu alikodi spika kubwa na jenereta ili wimbo ule, uliorekodiwa kwenye simu, upigwe uwanja mzima usikie. Dada wa cherehani alikuwa amekuja. Alinivuta pembeni akaniambia anataka kumzika yule aliyemwita kaka, lakini wimbo ukipigwa hivyo ataondoka kabla ya kaburi, kwa sababu simu haina kidevu. Na upande wa pili, mama wa marehemu hasikii vizuri, na alikuwa ameomba jambo moja tu: amsikie mwanawe. Nani nimpunguzie? Siku hizi harusi, mahubiri na maduka ya simu vyote vina spika zilizoelekezwa barabarani, kana kwamba furaha na majonzi hupimwa kwa mtikisiko wa madirisha. Lakini siwezi kusema kelele ni ubaya mtupu. Kwa mama yule, kelele ilikuwa ndiyo njia pekee.

Nikawaeleza kamati na mdogo wa marehemu habari ya dada na kile kidevu, nikapendekeza spika moja isogezwe hadi kwenye kiti cha mama, na sauti iwe ndogo. Kamati wakakubali, nadhani kwa kuchoka. Mama akalaza kiganja juu ya spika, akainamisha kichwa. Maksai alipolia, spika ikatikisika chini ya kiganja. "Yumo," akasema. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti, hakuondoka. Ila waliokaa mbali hawakusikia kitu, na mdogo wa marehemu akanifuata macho yakiwa mekundu.

"Mwandishi, umemfanya kaka yangu azikwe kimya kimya kama mwizi."

Huenda ana haki. Kaka yake aliishi kwa kupigia watu muziki, akaondoka watu wa nyuma wakiulizana kama umeshaanza.

Tulipofika kaburini, sanduku likashushwa, na mdogo wa marehemu ndiye aliyekuwa na koleo la kwanza. Mnajua ile sauti ya udongo wa kwanza juu ya mbao. Hata mimi huikwepa. Akalijaza koleo, akalinyanyua, kisha akatulia. Akatafuta kwa macho kati ya wanawake mpaka akampata yule dada. Akainua kidevu. Dada akaziba masikio, na udongo ukashuka.

Mpaka leo mdogo wa marehemu hajanisalimia, nami simlaumu. Lakini ndiye aliyenifundisha kitu ambacho kamati yetu haikukiona, sisi tuliokuwa tunabishana sauti iwe kubwa au ndogo: kishindo kingine hakipunguziki, na mtu anaweza kukukasirikia kabisa, akabaki na hasira yake, na bado akakuonya kabla hakijafika.