Shokapu za Kumrudisha Mama Buswelu

Daktari alikuwa mdogo kwangu kwa umri, na aliongea huku anaandika. Chuma kimekaa vizuri kwenye nyonga ya mama, alisema, baada ya wiki mbili tutamruhusu, ila njiani asitikiswe. Nikamuuliza asitikiswe kiasi gani. Hapo akaweka kalamu chini.

"Kaka, kile chuma kikihama inabidi tumpasue tena. Na kwa umri ule, na presha ile, mimi sitakubali kumpasua tena."

Akarudi kuandika. Mimi nikatoka nikaenda moja kwa moja kulitazama gari langu.

Kwa mama ni Buswelu, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Leo ukienda kule unakuta nyumba za bati la rangi na kila kitu. Miaka ile ya tisini, ukishaiacha lami pale Nyakato, ilikuwa njia ya ng'ombe tu, na mawe. Tena si mawe ya kuokota ukatupa pembeni, ni miamba yetu hii iliyozaliwa humo humo njiani. Gari langu lilikuwa kipanya, kile kigari cha abiria kilichokwisha kutumika Japani, ambacho kila aliyepunguzwa kazi alikimbilia kununua. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Kiwanda kikauzwa, tukaambiwa asanteni sana, nikapewa kiinua mgongo, nikapata kipanya. Kilikuwa chini, jamani! Njia ya Buswelu kikiwa na watu, tumbo lake linasugua mwamba mpaka unasikia ganzi kwenye meno. Mara mbili kilidondosha ekzosi.

Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi mmoja wa Nyakato, mtu mnene mwenye upara na maneno mengi, nikamwambia aninyanyulie gari. Mbele akamaliza kwa siku moja. Nyuma akaongeza jani moja la chuma kwenye springi za kila upande, na chini yake akaweka vipande vya chuma, gari likainuka likasimama kama jogoo. Nikafurahi. Furaha yenyewe haikufika hata robo saa, maana alipiga jeki, akaliacha gurudumu linaning'inia, akaniita.

"Tazama shokapu yako."

Shokapu, ile ya kuzuia gari lisirukeruke, ilikuwa imevutika mpaka mwisho. Gari limepanda, yenyewe imebaki na urefu ule ule, haina pa kwenda. Gurudumu likiingia shimoni, fundi akasema, hii itang'oka au itarusha kila kitu kilichomo. Nilichokiona mimi pale si shokapu, ni nyonga ya mama.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua shokapu za kipanya hicho hicho, laini, na kuzichomelea vishikio chini ili zifike. Ya pili ni kufunga zilizotoka kwenye pikapu iliyokuwa ikisomba sangara kutoka mialo ya wavuvi: ndefu, hazihitaji kuchomelea chochote, lakini ngumu. Ukizisimamisha chini ukazibonyeza kwa uzito wako wote zinashuka kwa kiburi, kidogo kidogo. Nilizibonyeza asubuhi, nikazibonyeza tena mchana. Mafundi wakaanza kunicheka. Nikawatukana. Sina subira na mtu anayecheka nikiwa na wasiwasi, ndivyo nilivyo.

"Sasa tulia," fundi akaniambia. "Mgonjwa atasafiri na watu wangapi?"

"Mgonjwa mmoja. Mama yangu."

"Weee! Mgonjwa wa kwetu anatoka hospitali peke yake? Ametoroka?"

Alikuwa na haki. Nani amewahi kuona? Mgonjwa akiruhusiwa, ukoo mzima unakwenda kumchukua. Wengine wanabeba godoro, wengine wanabeba chupa ya chai, wengine hawabebi chochote ila ni lazima waonekane wamekuja. Nikahesabu kwa vidole: shangazi yangu mkubwa, dada wa marehemu baba, ambaye bila yeye hakiendi kitu, shangazi mdogo, wake wa binamu zangu, majirani wale wa kisimani. Watu kumi na mmoja, na hapo nimejibana.

"Basi tupime na watu," fundi akasema.

Akapiga mluzi gereji nzima. Wachomeleaji wakaingia, waziba pancha wakaingia, mama ntilie akaacha sufuria akaketi kiti cha nyuma akakijaza vizuri, mpaka wakatimia kumi na mmoja. Viti vya katikati tulikuwa tumeving'oa ili godoro lilale. Na juu ya godoro nikalala mimi, chali, mikono kifuani. Mama ntilie akasema, "Haya, marehemu, safari njema," wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza nyonga yangu.

Tulianza na zile laini, fundi akiendesha kuelekea njia ya Buswelu. Tumepita mwamba wa kwanza, gari likazama mpaka chini kabisa, ta! Nilisikia mpaka kwenye utosi. Tukarudi, wakafunga zile za pikapu, wakaingia wote tena, tukapita pale pale. Likashuka taratibu, likapanda taratibu, likatulia. Nikawaambia warudie. Wakarudia mara nne, mama ntilie akilalamika kwamba wali unaungua. Nikaamka nikamkumbatia fundi, mtu mzima na grisi zake zote.

Hizo ndizo nilizozichagua. Ngumu, za watu kumi na mmoja.

Siku ya kumruhusu mama nilifika hospitali mapema mno na mke wangu. Godoro tumelitandika, mashuka mawili, mito ya kila upande. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna. Wauguzi wakamleta mama kwa kitanda cha magurudumu, wakatusaidia kumlaza, na mimi bado naangalia getini kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

"Wamechelewa," nikasema.

"Nani?" mke wangu akauliza, kwa sauti ile anayoitumia akijua jibu.

Hapa inanibidi niseme jambo nililoliruka. Wiki ya kwanza ya mama wodini shangazi mkubwa aliketi pembeni ya kitanda chake, godoro likabonyea, mama akaguna. Akaguna tu. Mimi nikalipuka. Mbele ya wodi nzima, mbele ya wageni wa watu, nikawaambia shangazi na wote aliokuja nao kwamba hapa si arusini, kwamba watamuua mama kwa uji wao na makalio yao, warudi makwao na wasikanyage tena mpaka niwaite. Ndiyo, nilisema makalio. Kwa shangazi yangu. Wakakusanya vyombo vyao wakaondoka, na hawakukanyaga tena. Na mimi, katika kuhangaika kote kule na shokapu, katika kuwahesabu wale watu kumi na mmoja kwa vidole, sikukumbuka hata mara moja kwamba niliwafukuza. Kichwani mwangu watu wale walikuwa kama jua, lazima watatoka tu.

Tukaondoka watatu. Lami haikuwa na neno. Nikajifariji kwamba huenda wasiwasi wangu ni wa bure. Tukakata kona pale Nyakato, gurudumu la nyuma likapanda jiwe la kwanza, dogo, la ukubwa wa mkate, na gari likaruka. Tupu, lilikuwa gumu kama meza. Mama akapiga ukelele.

Mama yangu hakuwa mtu wa kulia. Alizaa sisi sote bila jirani kusikia. Nilisimamisha gari katikati ya njia, breki nikaikosa mara ya kwanza. Nikamuuliza kimehama? Mama, kimehama? Akasema hajui, maumivu yamekuja na yamepungua. Uso umejaa jasho. Mbele yetu ilikuwa mwendo wa nusu saa wa miamba, na nyuma ni daktari aliyesema hatampasua tena.

"Tutie mawe," mke wangu akasema. "Mwanza hii, tukose mawe?"

Nikaanza kuokota. Makubwa, ya kubeba kwa mikono miwili, nayapanga kiti cha nyuma na chini yake. Nimefika la saba au la nane, moja likaserereka, likaja mpaka kwenye mto wa mama likasimama. Mama akalitazama.

"Toa mawe yako," akasema.

"Mama, gari linahitaji uzito..."

"Toa. Siwezi kurudi kwangu nikiwa nimezungukwa na mawe kama kaburi. Nenda kamwite wifi yangu."

Nikasema mke wangu aende. Mama akafumba macho. "Wewe ndiye uliyemfukuza."

Nilikwenda kwa miguu, nusu nakimbia. Njia nzima naandaa maneno, na kila neno naliona baya. Nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja na sikujua lipi kubwa, nyonga ya mama au uso wa shangazi. Niwaambie nini? Kwamba nimewakumbuka kwa sababu gari ni jepesi?

Nilipoingia uwanjani kwa shangazi nilisimama. Walikuwa wote pale. Wameketi kwenye mikeka na vigoda, khanga zao nzuri, wameoga, wamejipaka mafuta. Chupa ya chai imefungwa kwenye kitambaa. Walikuwa wamevaa tangu alfajiri. Walijua ni siku gani, Buswelu nzima ilijua, na walikuwa wameketi wakingoja kuitwa kama nilivyosema mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Maneno yote niliyoandaa yakapotea. Nikamwambia yuko njiani, gari linamrusha, analia, shokapu nilizifunga za watu kumi na mmoja na watu sina. Nilikuwa nalia na mimi. Nikasema nisamehe, shangazi, nilikosa adabu.

"Kwa hiyo umekuja kuyatafuta yale makalio."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, ila yeye hakucheka. Alisimama, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akatangulia.

Tulipofika kwenye gari waliingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia nililisikia gari likishuka kidogo. Shangazi mkubwa alikaa sakafuni, akakiweka kichwa cha mama mapajani mwake, wala hakuniangalia. "Endesha," akasema. Niliendesha kama nimebeba mayai. Mwamba wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Nilikuwa nasikiliza ukelele tu, sikusikia hata wao wakipumua. Nilidhani wamenikasirikia.

Tulipofika kwa mama nilizima gari na kufungua mlango wangu haraka.

"Tulia hapo," shangazi akanong'ona. "Amelala."

Nikageuka. Mama alikuwa amelala kweli, mdomo wazi. Ilikuwa mchana wa jua kali, gari limejaa, jasho linawatiririka mashavuni, na hakuna aliyejisogeza. Shangazi mdogo alikuwa ameinua mguu kutaka kushuka, mkubwa akamshika khanga.

"Ukishuka litanyanyuka," akamwambia. "Litamwamsha."

Basi tukakaa. Watu kumi na mmoja, na mke wangu, na mimi nimeshika usukani wa gari lililozimwa, mpaka mama alipofungua macho mwenyewe na kuuliza kwa nini hakuna aliyempa chai.