Ua Lisilonuka

Harufu ya asumini inaponijia wakati wa magharibi, hunikumbusha jembe kwanza, kisha dada yangu. Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Niliyoyasikia nitayataja kuwa ni ya kusikia, nawe msomaji uyapime mwenyewe.

Niliona haya. Nyumbani kwetu Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na umri wa miaka tisa, dada yangu Maimuna alikuwa akichuma asumini kila alasiri zingali tumba, akazitunga kwa uzi na kujipamba nazo nywele. Zilipochanua jioni, nyumba nzima ilinukia. Alikufa kwa homa ya siku tatu. Arubaini ilipopita, baba aling'oa asumini zote uani. Mimi nilibeba matawi nikayatupa jaani.

Majirani walisema baba amepumbazwa na bustani za mahoteli, anataka rangi za Wazungu. Walisema wao.

Asubuhi ya pili alinichukua hadi kwa mama mmoja aliyeuza miche kando ya barabara. Palikuwa na bogonvilia nyekundu na za zambarau, na vichaka vya majani ya manjano yenye madoa. Baba aliinama akanusa mche mmoja baada ya mwingine. Mwaridi aliurudisha upesi. Alipofikia bogonvilia, yule mama akacheka.

"Baba weye, hilo halinuki hata ukilitafuna! Hilo la macho tu."

"Basi nipe manne," baba akasema.

Tuliporudi, mama aliitazama miche ile kwa muda mrefu. "Baba Maimuna, ua lisilonuka lina tofauti gani na karatasi?"

Baba alishika jembe. Alichimba mashimo, nami nikaishika miche ikae wima. Sikuhisi kitu ila miba.

Nilikuwa nimeshapata binti wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba siku ile baba hakuwa akitafuta rangi. Alikuwa akiikimbia harufu.

Masika yalipokuja, katikati ya bogonvilia ilichipua asumini. Wapo waliosema mama aliipandikiza kwa siri, na wapo waliosema mzizi ulisalia ardhini. Sikuona, kwa hiyo sisemi. Nililoliona ni kwamba baba alikuwa akipalilia, akafika pale, akalilaza jembe chini, akapiga magoti, akayang'oa kwa vidole magugu yaliyoizunguka.